KABILA SI KIPIMO CHA MTOTO

Mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, ametuletea barua. Binti yake yumo Kidato cha Kwanza katika shule ya bweni iliyo mbali na kwao. Shule hiyo, kwa nia njema kabisa, ilitenga siku moja ya utamaduni, ili wanafunzi wajifunze mila na ngoma za makabila ya nchi yetu. Mwalimu alichukua daftari la mahudhurio, akasoma majina ya ukoo, na kwa kufuata majina hayo akawagawa watoto: hawa Wasukuma, hawa Wachaga, hawa Wanyakyusa, hawa Wahaya. Binti yule akaambiwa aongoze ngoma ya Kihaya.

Naye hajui hata neno moja la Kihaya. Baba yake alizaliwa Bukoba, lakini alifariki mtoto akiwa bado mchanga. Mama yake ni Mnyakyusa, naye binti amezaliwa Mbeya na kulelewa na bibi yake mzaa mama. Alipojaribu kueleza, wenzake walicheka, na mwalimu akamwambia mbele ya wote kwamba yeye analionea haya kabila lake. Binti hakusema tena neno siku ile. Alipokuja likizo alimwuliza mama yake: “Mama, mimi ni nani?”

Mama huyu hamshtaki mwalimu. Atuuliza tu amjibu mwanawe nini, na kama Kanisa lina fundisho lolote juu ya jambo hili. Barua yake imetugusa moyo. Tumeona vema kulifanya swali lake kuwa somo la ukurasa wetu juma hili, ili wazazi walisome pamoja na watoto wao, na walimu walisome wakijipima dhamiri.

Lililo kosa na lisilo kosa

Kwanza tuondoe wasiwasi. Kuwa na kabila si kosa, wala kulipenda si dhambi. Lugha ya mama, hadithi za bibi kando ya moto, desturi za kumpokea mgeni na za kumzika marehemu: hayo yote ni mema ambayo Mungu amewajalia wazee wetu, nao wametuachia sisi. Siku ya Pentekoste Roho Mtakatifu hakuzifuta lugha za watu. Kila mmoja aliyesimama pale Yerusalemu alizisikia habari za matendo makuu ya Mungu katika lugha aliyozaliwa nayo. Shule inayowafundisha watoto kuheshimu mila za wenzao yafanya kazi njema, na mwalimu yule alikuwa na nia njema pia.

Kosa li mahali pengine. Kosa ni kulitazama jina la mtoto, au sura yake, au lafudhi yake, kisha kudhani kwamba tumekwisha kumjua. Twamwambia yeye ni nani kabla hatujamwuliza. Twampa tabia ambayo hatujaiona kwake, kwa sababu tuliwahi kuisikia ikisemwa juu ya watu wa kwao. Mzee mmoja angesema kwa ufupi: kuuliza si ujinga. Nasi twaongeza: ujinga ni kujibu pasipo kuuliza.

Natanaeli chini ya mtini

Injili ya Mtakatifu Yohane, katika sura yake ya kwanza, yatuonyesha mtu mwema aliyeanguka katika kosa hilihili. Filipo alimjia Natanaeli na habari njema kupita zote: amemwona yule ambaye Musa na manabii waliandika habari zake, naye ni Yesu, mtu wa Nazareti. Natanaeli aliposikia jina la mji, hakutaka kujua zaidi. Alishangaa kama kijiji kile chaweza kutoa kitu chema.

Tukumbuke kwamba Natanaeli hakuwa mtu wa mbali. Mwinjili huyohuyo atuambia mwishoni mwa kitabu chake kwamba alikuwa mtu wa Kana ya Galilaya, nayo Kana haikuwa mbali na Nazareti. Hayo yalikuwa maneno ya jirani juu ya jirani. Ndivyo ilivyo kwetu pia: aghalabu maneno makali kuliko yote hatuyasemi juu ya watu wa nchi za mbali, bali juu ya wale wa ng’ambo ya mto wetu.

Sasa tutazame dawa. Filipo hakubishana naye. Alimwita tu aje aone. Na Bwana wetu alipomwona akija, hakumrudishia maneno juu ya watu wa Kana. Alimsifu kwa lile jema alilokuwa nalo yeye mwenyewe, kwamba ni mtu asiye na hila, akamwambia kwamba alikwisha kumwona chini ya mtini. Natanaeli alimkadiria Yesu kwa kijiji chake. Yesu alimjua Natanaeli kwa nafsi yake. Kwa kujulikana hivyo, Natanaeli aliungama imani palepale. Mwalimu Mkristo, na mzazi Mkristo, amfuate yupi kati ya hao wawili?

Makisio hukosa mara nyingi

Wako watakaosema: “Lakini jina la ukoo huonyesha mtu atokako.” Zamani pengine lilionyesha. Leo nchi yetu ina makabila zaidi ya 120, na watu wake wamehama, wamefanya kazi pamoja, na wameoana kwa vizazi vingi. Nenda katika parokia yoyote ya mjini siku ya ubatizo, ukahesabu watoto ambao baba na mama ni wa kabila moja. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho kuwauliza Watanzania kabila lao. Watoto wa wale walioulizwa wamekwisha kuwa mababu, na wajukuu wao wengi hawawezi kulijibu swali lile kwa neno moja.

Tutoe mifano miwili ambayo kila mwalimu yafaa aijue.

Katika wilaya ya Handeni, mahali paitwapo Chogo, wanaishi watu waliokuja kutoka Somalia wakikimbia vita vilivyoanza huko mwaka 1991. Mtu akisikia hivyo, hudhani kwamba lugha ya nyumbani kwao ni Kisomali. Sivyo. Wengi wao ni Wazigua, ambao wazee wao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19, wakavushwa bahari na kuuzwa kusini mwa Somalia, karibu na mto Juba. Zaidi ya miaka mia moja walikaa ugenini, nao hawakuiacha lugha yao. Walipofika Handeni waliweza kusemezana na wenyeji kwa Kizigua, na serikali yetu ikawapa wengi wao uraia. Mwalimu amwitaye mtoto wa Chogo “Msomali” amekosa mara mbili: amemnyima mtoto kabila la babu zake, na pia amelitumia jina la watu wengine waungwana kana kwamba ni tusi.

Mfano wa pili ni wa Ulyankulu katika mkoa wa Tabora, na wa Katumba na Mishamo katika mkoa wa Katavi. Mwaka 1972 maelfu ya watu walikimbia mauaji katika nchi ya Burundi, wakapewa ardhi katika makazi hayo matatu. Walifyeka pori, wakalima, wakazaa watoto. Mwaka 2014 watu wapatao 162,000 kati yao walipewa vyeti vya uraia wa Tanzania. Watoto wao wamezaliwa hapa, wanaimba wimbo wetu wa Taifa, na wengi hawajaiona Burundi kwa macho. Hata hivyo wako wanafunzi wa makazi hayo ambao, wakifika sekondari, huitwa “wakimbizi” na wenzao, na pengine hata na watu wazima. Mtoto wa kizazi cha tatu huambiwa arudi kwao. Arudi wapi?

Sifa za makabila zilitoka wapi

Yako makosa mengine yaliyo mabaya kuliko kukosea jina, nayo ni kukadiria tabia na akili. Kila mmoja wetu amesikia kwamba watu wa mahali fulani ni wapenda fedha, wa mahali pengine ni wenye majivuno, wengine wanafaa kwa jembe tu, na wengine hawafundishiki. Maneno hayo husemwa kana kwamba Mungu aliyaandika katika damu. Lakini tukichunguza historia twaona kwamba mengi yana sababu ambazo hazihusiani na damu hata kidogo.

Wamisionari wa Afrika walianza kazi Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Kilema, katika mlima Kilimanjaro, karibu na wakati huohuo. Wabenediktini walianza Peramiho mwaka 1898. Mahali hapo palijengwa shule mapema. Kilimanjaro na Bukoba palistawi pia zao la kahawa, na fedha za kahawa zikawalipia watoto karo. Wakulima wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao cha ushirika, KNCU, tangu mwaka 1933. Baada ya miaka hamsini wana wa nchi hizo walionekana wengi katika ofisi na madarasa ya juu. Watu wakasema: “Hao wamezaliwa na akili.” La hasha! Walizaliwa karibu na shule.

Tugeuke upande wa pili. Nchi ya Waha, katika mkoa wa Kigoma, wakati wa ukoloni haikupewa zao kubwa la biashara lililoweza kuwaletea watu fedha. Nayo kodi ilidaiwa vilevile. Vijana wa Kiha, pamoja na wenzao wa mikoa ya kusini, walitoka kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chama chao cha kuajiri, kilichojulikana kwa jina la SILABU, kwa ajili ya kuwakusanya vibarua kutoka mbali. Kijana wa Kiha alionekana Tanga akiwa amebeba panga la mkonge, amelala katika kambi, na hana mke wala nyumba. Watu wakasema: “Hao ndio kazi yao.” Hawakuuliza ni nani aliyeipanga kazi ile, wala kwa sababu gani. Panga limekwisha kutua, lakini dharau imebaki. Na leo mjukuu wake akiketi darasani, hukuta imemtangulia.

Hatusemi mambo haya ili kuamsha uchungu wa zamani. Twasema ili mzazi ajue kwamba anapomwambia mtoto wake sifa ya kabila fulani, mara nyingi amsimulia historia ya shule, ya kahawa na ya mkonge, huku akiiita tabia.

Lugha ya nyumbani si ishara ya ujinga

Wako watoto wanaoingia darasa la kwanza wakijua lugha ya nyumbani kwao peke yake: watoto wa wafugaji wa Kimaasai na wa Kibarabaig, watoto wa Wahadzabe karibu na ziwa Eyasi, na hata watoto wa vijiji vingi vya wakulima. Mwalimu anaposema, mtoto wa namna hiyo hunyamaza. Anapoulizwa, hutazama chini. Upesi huandikwa kuwa mzito wa akili, naye hukaa nyuma, na akishakaa nyuma huwa mzito kwelikweli, kwani hakuna anayemsemesha.

Kimya chake si ujinga. Mwalimu huyuhuyu angepelekwa kufundishwa hesabu kwa Kihadza, naye angetazama chini. Mtoto wa miaka saba ajuaye njia za porini, majina ya miti na dawa zake, ajuaye kumtambua kila ng’ombe wa baba yake kwa rangi na pembe, amekwisha kuonyesha kwamba ana kichwa cha kujifunza. Kazi ya mwalimu ni kumjengea daraja hadi Kiswahili, wala si kumcheka akiwa bado ng’ambo.

Tena ziko shule ambazo zamani zilimvika mtoto kibao shingoni kwa sababu ya kusema lugha ya mama yake. Na siku hizi tumesikia za namna nyingine, ambapo mtoto huvikwa aibu ileile kwa sababu amesema Kiswahili badala ya Kiingereza. Kiswahili kimetuunganisha, na Kiingereza kina faida yake; watoto na wajifunze vyote viwili kwa bidii. Lakini hakuna lugha inayopata heshima kwa kuidhalilisha nyingine, na mtoto anayefundishwa kuionea haya lugha ya mama yake hufundishwa kidogo kidogo kumwonea haya mama mwenyewe.

Utani una sheria zake

Hapa wasomaji wetu watatupinga: “Je, na utani? Makabila yetu yametaniana tangu zamani, nasi twaishi kwa amani kwa sababu hiyo.” Ni kweli, nasi twausifu utani. Mpare na Mchaga, Mhehe na Mngoni, Msukuma na Mzaramo: watani hawa wameambiana maneno ambayo kwa watu wengine yangeleta ugomvi, wakacheka, wakazikana na kusaidiana katika shida. Mtani ndiye afikaye msibani kuwachekesha wafiwa.

Lakini wazee waliuwekea utani sheria, na iliyo kuu ni hii: utani hujibiwa. Anayetania leo akubali kutaniwa papo hapo, tena kwa kadiri ileile. Pasipo jibu hakuna utani. Basi, mwalimu amtaniapo mwanafunzi juu ya kabila lake mbele ya darasa, mwanafunzi atamjibuje? Akijibu, ni utovu wa nidhamu; asipojibu, darasa zima litamcheka. Hali kadhalika watoto arobaini wamtaniapo mmoja aliye peke yake wa kabila lake: yeye ana kinywa kimoja. Mambo hayo yamevaa nguo ya utani, lakini si utani. Ni kumpiga mtu aliyefungwa mikono.

Nasi wenyewe hatuna budi kuungama. Tulipokuwa seminarini, tulikuwa na mwenzetu aliyetoka pande za Nachingwea. Tangu juma la kwanza tulimwita “Mmakonde”, na jina hilo likashika hata jina lake la ubatizo likasahauliwa. Yeye alicheka pamoja nasi. Mwaka wa pili, siku ya kuagana kwa likizo, alituambia kwa upole: “Ndugu zangu, mimi ni Mmwera. Hakuna aliyeniuliza.” Tulikuwa tumesali naye asubuhi na jioni kwa miaka miwili, tumekula naye meza moja, tusijue hata hilo. Hakutukasirikia. Lakini maneno yale mawili ya mwisho hayajatutoka moyoni mpaka leo.

Vijana wa Buta

Pengine yuko atakayesema kwamba haya ni mambo madogo ya watoto, yasiyofaa kujaza gazeti. Kwake twataka kusimulia habari ya jirani zetu.

Kusini mwa Burundi, katika jimbo la Bururi, iko Seminari Ndogo ya Buta. Baada ya mwaka 1993 nchi ile iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na katika shule nyingi vijana wa Kihutu na wa Kitutsi waliogopana na kukimbiana. Pale Buta walezi hawakukubali shule igawanyike. Vijana walisali pamoja, walilala bweni moja, na walipewa nafasi ya kusema wazi hofu zao na huzuni zao, kila mmoja akimsikiliza mwenzake.

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha walivamia seminari, wakaingia mabwenini. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge: Wahutu upande mmoja, Watutsi upande wa pili. Kila kijana alijua maana ya amri hiyo. Wapo ambao kwa kupiga hatua chache tu wangaliweza kuyaokoa maisha yao. Hawakujitenga. Vijana 40 waliuawa, Wahutu na Watutsi pamoja. Pale Buta limejengwa kanisa la ukumbusho, nao wamezikwa bega kwa bega, na kesi yao ya kutangazwa wenye heri imefunguliwa katika Kanisa. Watu huwaita mashahidi wa udugu.

Wazazi wapenzi, yafikirini maneno haya mawili: “Jitengeni” na “Hatutengani”. Amri ile ya alfajiri haikuzaliwa siku ile. Ilizaliwa miaka mingi kabla, katika maneno madogo: jina la kudharau, kicheko darasani, kudhani kwamba aina fulani ya watu wana tabia fulani. Na jibu la vijana wale halikuzaliwa siku ile pia. Lilijengwa mezani, uwanjani, bwenini na kanisani, siku baada ya siku, na walezi waliokataa kuwagawa. Nchi yetu imejaliwa amani. Lakini amani hiyo si urithi ambao hauwezi kuliwa ukaisha.

Mafundisho ya Kanisa

Tarehe 28 Oktoba 1965, siku moja, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza matamko mawili yanayohusu jambo letu. Moja ni juu ya malezi ya Kikristo, lililofundisha kwamba watu wote, wa kila taifa, hali na umri, wana haki ya kupata malezi, kwa sababu wana heshima ya binadamu. La pili ni juu ya uhusiano wa Kanisa na dini zisizo za Kikristo. Mwishoni mwake Mtaguso ulikataa kila ubaguzi utendwao juu ya watu kwa sababu ya taifa lao, rangi yao, hali yao au dini yao, kuwa ni jambo lililo kinyume cha roho ya Kristo. Basi shule ya Kikatoliki imwagizie kila mwanafunzi heshima hiyo, awe Mkatoliki, Mlutheri, Mwislamu au mtoto wa dini ya jadi.

Miaka 29 baadaye, Aprili 1994, maaskofu wa Afrika walikusanyika Roma katika Sinodi, wakati mauaji ya Rwanda yalikuwa yameanza siku chache tu. Kwa machozi walichagua kuliita Kanisa la Afrika Familia ya Mungu. Katika familia watoto hawafanani. Mmoja ni mrefu, mmoja ni mfupi, mmoja ni msemaji na mwingine ni mnyamavu. Mzazi mwema humwita kila mmoja kwa jina lake.

Wala jambo hili si geni kwa shule zetu. Mwaka 1868 misioni ya Bagamoyo ilipoanzishwa, wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, wa makabila mengi ya bara. Huo ndio mwanzo wa shule zetu katika Tanzania Bara: darasa la watoto wasiofanana, wasiokuwa na ukoo wa kujivunia pale walipo, walioketi pamoja kwa sababu walihesabiwa kuwa watu. Tusiwe na shule zilizo duni kuliko mwanzo wake.

La kufanya

Walimu wetu, mnaobeba mzigo mzito, pokeeni mashauri haya machache. Mkitaka kuadhimisha utamaduni, msiwagawe watoto kwa daftari la majina. Mwulizeni kila mmoja, kwa faragha, ni jambo gani la nyumbani kwao angependa wenzake walijue. Huyu ataleta wimbo, huyu pishi la mama yake, huyu methali ya babu. Asiyetaka asilazimishwe. Msimfanye mtoto mmoja kuwa msemaji wa kabila zima. Aseme ya nyumbani kwao, yatosha. Mkigawa vitanda na zamu za kazi, wachanganyeni. Na mtoto achanganyaye r na l, msahihisheni kama mnavyosahihisha hesabu, pasipo kicheko.

Wazazi, chungeni maneno ya mezani. Mtoto husikia mnavyomsema jirani, mfanyakazi wa nyumbani, au kijana aliyekuja kumposa dada yake. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Mkitaka asibaguliwe shuleni, asijifunze kubagua nyumbani. Tena mwambieni wazi historia ya ukoo wake, wa baba na wa mama, asije akaisikia kwanza kwa wanaocheka.

Nanyi wanafunzi, kila darasa lina mmoja aliye peke yake. Mtafuteni, mketi naye, mmwulize jina lake, na mmsikilize akijibu.

Jibu kwa mama yule

Mama mpenzi, mwambie binti yako hivi: yeye ni mtoto wa Mungu kwa ubatizo, na hilo hakuna awezaye kumnyang’anya. Ni binti wa baba wa Bukoba na mama wa Mbeya. Pande zote mbili ni zake, wala hakuna mwenye ruhusa ya kumlazimisha kuchagua moja na kuukana mwingine. Asione haya kwamba hajui Kihaya. Na akipenda kukijifunza, mwandikie shangazi yake, watafurahi huko. Na siku nyingine ya utamaduni ikifika, na aimbe wimbo aliofundishwa na bibi yake, ikiwa apenda. Kisha mwende ninyi wawili kwa mwalimu, mumweleze kwa heshima. Twaamini atasikia, kwani mtu wa nia njema akionyeshwa kosa lake hushukuru.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Ni maneno gani juu ya makabila mengine yanayosemwa katika nyumba yetu? Je, tungeyasema mbele ya wahusika?

2. Je, yuko mtu ambaye tumemwita kwa jina la kabila bila kumwuliza?

3. Katika Jumuiya yetu Ndogo, au darasani kwetu, ni nani aliye peke yake? Tumfanyie nini juma hili?

Mama Bikira Maria, aliyekaa Nazareti, kijiji kilichodharauliwa, atuombee kwa Mwanawe, ili nasi tujue kuwatazama watoto wetu kama Yeye alivyomtazama Natanaeli.